Dawa mseto: kwa nini artemisinini bado inalimwa shambani? Uzi wa kupanga usanisi kinyumenyume

#1 Chupa Mviringo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salama humu.

Juzi kwenye uzi wa malaria kuna ndugu aliuliza swali zuri, likazikwa na kelele za siasa. Alisema: dawa mseto tunaimeza tangu 2006, Wazungu na Wachina wana maabara za kila namna, sasa kwa nini artemisinini, ile dawa iliyo kiini cha dawa mseto, bado inalimwa kama mchicha? Si waitengeneze kiwandani yaishe?

Nimeona nimfungulie uzi wake, maana ukilijibu swali hilo vizuri umeshafundisha nusu ya kazi ya kupanga usanisi wa molekuli ngumu, yaani kuzijenga hatua kwa hatua kwa kemia. Mimi nilifanya usanisi wa oganiki miaka minne kwenye maabara ya chuo kabla sijahamia kwenye kupima ubora wa dawa. Atakayeona nimekosea arekebishe, sina kinyongo.

Tuanze na mhusika mwenyewe. Artemisinini ni molekuli ndogo: kaboni 15, hidrojeni 22, oksijeni 5, basi. Tu Youyou na wenzake waliitenga kutoka majani ya Artemisia annua huko China mwaka 1972, na 2015 mama huyo akapata Nobeli. Ukiichora inafanana na kikapu kilichosukwa na mlevi. Pete zimepandana, na katikati kuna daraja la oksijeni mbili zilizoshikana, yaani peroksidi. Hilo daraja ndilo silaha. Kimelea cha malaria kinakula himoglobini yetu na kujikuta kimezungukwa na chuma chake. Chuma kikigusa daraja linakatika, na vipande vinavyozaliwa hapo vinakiunguza kimelea kwa ndani.

Sasa unaijengaje? Mgeni wa kazi hii huchukua kemikali alizonazo na kuanza kuunganisha kwenda mbele akiomba Mungu. William Perkin alifanya hivyo mwaka 1856 akitafuta kwinini, kijana wa miaka 18. Alihesabu atomu: chukua molekuli mbili za kitu fulani, ongeza oksijeni, toa maji, hesabu inakubali kabisa. Ni kama kusema nyumba ya jirani ina matofali 2,000 na bati 40, basi nami nikimwaga matofali 2,000 na bati 40 kiwanjani nitalala ndani. Alipata tope. Bahati yake alivyoendelea kuchokonoachokonoa akapata rangi ya zambarau iliyomtajirisha, ila kwinini hakuiona.

Tunachofanya leo ni kurudi nyuma. E. J. Corey wa Harvard ndiye aliyeigeuza kazi hii kuwa na kanuni kuanzia miaka ya 1960, na Nobeli yake ni ya 1990. Unaanza na molekuli unayoitaka, unaikata bondi moja kwa kalamu, unajiuliza: je, upo mmenyuko unaojulikana ambao ungeunganisha hapa? Kama haupo, futa, kata pengine. Kama upo, vile vipande viwili sasa ndiyo shabaha mpya, navyo unavikata. Tunauchora mshale wa mistari miwili ili mtu asije akadhani ni mmenyuko wa kwenye chupa. Unaenda hivyo hivyo mpaka ufike kitu unachoweza kununua.

Kwa artemisinini, kitu cha kwanza kukata ni lile daraja. Peroksidi ni dhaifu, vitendanishi vingi vitaivunja, kwa hiyo kwenye kujenga lazima iwe miongoni mwa vitu vya mwisho kabisa. Konda wa basi la mkoani anajua: trei ya mayai inapanda juu baada ya magunia yote. Ukiondoa daraja kwa kalamu, kikapu kinafunguka, unabaki na mifupa yenye pete moja ya kaboni sita na mikia yake. Na pete hiyo ina kundi la methili (kaboni moja na hidrojeni zake tatu) lililokaa upande mmoja maalumu. Hapo ndipo Schmid na Hofheinz, wakemia wa kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche, walipoona kitu: mifupa hiyo inafanana na isopulegoli, ndugu wa ile mentholi ya mnanaa, na isopulegoli inanunulika ikiwa na methili yake tayari imeelekea inakotakiwa. Wakaanzia hapo. Mwaka 1983 wakafika. Daraja waliliweka mwishoni kwa kutumia mwanga na oksijeni kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri, kisha aside, na hatua hiyo ilitoa mavuno (kiasi unachopata ukilinganisha na kile ambacho kingepatikana kama hakuna kilichopotea) ya karibu asilimia 30.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa yule ndugu: kutengenezwa kiwandani inawezekana, na imejulikana kwa zaidi ya miaka 40. Jibu la pili ndilo lenye uchungu, nalo ni hesabu. Nitarudi, mtoto analia.

#2 Kisima cha Kale

Nimeweka kiti. Endelea mkuu.

#3 Shamba la Usa

Mimi nililima hiyo atemisia huku Arusha wakati ule imepamba moto. Mbegu zake ni vumbi, ukipiga chafya umepoteza kitalu. Mwaka wa kwanza tulilipwa vizuri, mwaka uliofuata mnunuzi akasema bei ya dunia imeanguka, magunia yakabaki stoo yananukia mpaka mama watoto akayafukiza kufukuza mbu. Nasubiri hiyo hesabu, labda nitajua nani alininyonga.

#4 Chupa Mviringo

Nimerudi. @Shamba la Usa pole sana, na hesabu yako nayo ipo humu.

Kila hatua ya usanisi inakula. Ukipata asilimia 80 unapongezwa. Sasa fanya hatua 10 za asilimia 80 mfululizo: unabaki na kama 11 katika kila 100 ulizoanza nazo. Fanya hatua 20: unabaki na 1 tu. Mwenye 80 kila hatua ni mkemia mzuri, lakini amemaliza na ujazo wa kijiko cha chai.

Nilionja hili mwenyewe. Hatua ya tisa, miligramu 40 za unga mweupe, miezi mitano ya kazi. Chupa ikachomoka kwenye mashine ya kukausha viyeyusho, ikaangukia kwenye maji ya moto ya bafu lake. Nilikunywa yale maji? Karibu. Niliyakamua yote kwa etha mara tano, nikapata miligramu 11 na rangi ya njano ambayo haikuwepo mwanzo. Msimamizi wangu aliangalia akasema kwa upole, "Rudia."

Njia moja ya kupunguza kilio ni kutojenga kwa mstari mmoja. Badala ya hatua 20 za kufuatana, jenga mkono mmoja kwa hatua 10, mwingine kwa 9, kisha viunganishe. Hatua ni zilezile 20, lakini njia ndefu kuliko zote sasa ina 11, na mavuno yanapanda kutoka asilimia 1 hadi zaidi ya 8. Ndiyo maana ukikata molekuli kwa kalamu, kata katikati. Usiwe unaimega pembeni kama panya wa stoo.

Halafu kuna suala la mikono. Kaboni yenye vitu vinne tofauti ina sura mbili, kama kiganja cha kushoto na cha kulia. Artemisinini ina kaboni saba za namna hiyo. Kwenye karatasi ni maumbo 128, na dawa ni moja. Unaona sasa kwa nini wale walishangilia isopulegoli.

Sasa linganisheni na bei. Dozi ya mtu mzima ya ALu, dawa mseto yetu, ni vidonge 24, kila kimoja kina miligramu 20 za artemetha, inayotengenezwa kutokana na artemisinini: jumla 480. Kwa hesabu yangu ya mkono, hiyo ni majani makavu kama gramu 100, mfuko wa majani ya chai tu. Hakuna mkemia duniani atakayeshindana na mfuko huo kwa chupa za glasi, nyuzi 78 chini ya sifuri na hatua ya mwisho yenye mavuno ya asilimia 30.

#5 Bingwa wa Konvesheni

Shikamoo mkuu. Mimi niko fomu six PCB. Hizi si ndizo konvesheni zetu? Swali linasema "kutoka toluini tengeneza benzokaini", mimi huwa naanza na toluini na kutembea mbele mpaka nikwame. Naomba uniangalizie hii:

Toluini, naweka pamanganeti ya potasiamu, napata aside ya benzoiki. Naweka mchanganyiko wa nitriki na salfuriki, napata nitro. Bati na HCl, nitro inakuwa amino. Mwisho ethanoli na salfuriki, esta. Tayari benzokaini. Mwalimu amenipa sifuri na hakuandika sababu.

#6 Chupa Mviringo

Marahaba mwanangu. Sifuri ni ukatili, ungestahili nusu. Benzokaini (ile ganzi iliyomo kwenye baadhi ya vidonge vya kumumunya vya koo) ina amino upande mmoja wa pete na esta upande wa pili, mkabala kabisa. Angalia hatua yako ya pili. Ukishageuza methili kuwa aside, hiyo aside inaituma nitro ikae meta, yaani kaboni ya pili kutoka kwake badala ya mkabala. Umejenga vizuri sana, ila mlango umeuweka ukutani kwa jirani.

Rudi nyuma kutoka mwisho. Jaribu tena, usiogope.

#7 Mchwa Msomi

Kwa heshima zote, uzi mzuri ila mwenye uzi anatia chumvi. Unasema usanisi mrefu hauwezi kushindana. Mimi nipo Ujerumani kwenye kazi hizi za kukuza mchakato kutoka chupa hadi pipa, na eribulini inakupinga. Hiyo ni dawa ya saratani ya matiti iliyotokana na halikondrini B, kitu cha sponji wa baharini. Sponji hawawezi kulimwa ukapata tani. Yoshito Kishi wa Harvard alimaliza usanisi wa halikondrini mwaka 1992, wakagundua nusu moja ya molekuli ndiyo inayofanya kazi, wakaikata hapo, na kampuni ya dawa ya Eisai wakaipeleka sokoni 2010. Hatua 62. Zote za kemia, hakuna shamba.

#8 Chupa Mviringo

@Mchwa Msomi nakubali kofi. Lakini tazama kipimo: mgonjwa wa eribulini anachomwa miligramu chache kwa mara moja, na bei yake mnaijua nyie mlioko huko. Dawa ya malaria inatakiwa kwa tani nyingi kila mwaka na mnunuzi ni mama mwenye mtoto wa homa. Hatua 62 zinalipa pale ambapo gramu moja inatibu watu wengi wenye bima. Kwa hiyo sisemi usanisi mrefu haufai. Nasema mpango hauishii kwenye mishale.

Vitamini B12 ni mfano mwingine. Woodward wa Harvard na Eschenmoser wa Zürich waliikamilisha 1972, watu kama 100, zaidi ya miaka 10. Kazi ya kuvua kofia. Na B12 unayonunua duka la dawa leo? Inatengenezwa na bakteria.

#9 Mwana wa Ziwa

Huku Kivu bado tunachuna ganda la kinkina kutoa kwinini, na hao Woodward walitangaza kwinini mwaka 1944. Muti umewashinda miaka 80.

#10 Chupa Mviringo

@Mwana wa Ziwa hahaha, umemaliza. Tena ule wa 1944 ulifika kwenye kituo cha karibu na mwisho, ukategemea njia ya zamani ya Wajerumani kumalizia safari. Aliyejenga kwinini yote huku akidhibiti kila mkono wa kushoto na kulia ni Gilbert Stork, 2001. Na bado ganda ni rahisi zaidi.

Ndipo ninapotaka kufika. Kwenye kurudi nyuma, vitabu vingi vinafundisha jinsi ya kukata. Mimi naona ugumu ni kujua usimame wapi. Schmid na Hofheinz walisimama kwenye isopulegoli. Miaka iliyofuata watu wakauliza: kwa nini turudi mpaka huko? Ukiondoa daraja na hatua mbili tatu tu, unakuta aside ya artemisiniki, na hiyo mmea wenyewe unaitengeneza. Jay Keasling na wenzake wa Berkeley wakachukua hamira, ndugu wa ile ya maandazi, wakaipandikiza jeni za mmea. 2006 hamira ikaanza kutoa aside hiyo, na kufikia 2013 walikuwa wanapata gramu 25 kwa lita ya tangi. Kuanzia hapo kemia ni fupi: ongeza hidrojeni kwenye bondi moja, piga mwanga na oksijeni, weka aside, acha oksijeni ya kawaida imalizie, kikapu kinajifunga chenyewe. Inaaminika hata mmea hatua hizo za mwisho unaliachia jua. Seeberger na Lévesque huko Potsdam, 2012, walizipitisha hatua hizo kwenye bomba jembamba lililozungushiwa taa: inaingia huku, inatoka kule, mavuno asilimia 39.

Kampuni ya dawa ya Sanofi wakajenga mtambo wa mwanga Garessio, Italia, wa kugeuza aside hiyo ya hamira kuwa artemisinini, ukaanza 2013.

#11 Shamba la Usa

Na sisi je?

#12 Chupa Mviringo

Hapa ndipo hesabu yako kaka. Katikati ya miaka ya 2000 kilo moja ya artemisinini ilipita dola 1,000. Kila mtu akalima, China, Vietnam, Afrika Mashariki. Miaka miwili mitatu baadaye ikawa karibu dola 200. Ikapanda tena, ikashuka tena. Kiwanda cha hamira kilihitaji kuuza kwa dola 350 hivi ili kisile hasara. Majani yaliposhuka chini ya hapo, mtambo ukakaa bila kazi na baadaye ukauzwa. Kwa hiyo aliyekunyonga wewe, miaka michache baadaye alikinyonga na kiwanda kilichokuja kukuondoa. Wote mlipigwa na mkulima mwenzio wa upande mwingine wa dunia.

#13 Shamba la Usa

Angalau sikufa peke yangu.

#14 Bint Kisauni

Mimi nauliza kizembe: siku hizi si akili mnemba itapanga hizi njia? Kuna haja ya mtoto kukesha?

#15 Mchwa Msomi

Bint Kisauni, wazo ni la zamani kuliko sisi. Corey na Wipke walichapisha programu yao ya kupanga usanisi mwaka 1969. Leo kuna ASKCOS ya MIT na AiZynthFinder ya AstraZeneca, zote bure, mtoto anaweza kuchezea. Kazini tunazitumia kila siku. Zinakupa njia 50 kwa dakika. Ila hazikuambii kwamba kitu cha hatua ya nne ni gundi isiyochujika, au kwamba kiyeyusho fulani ukikitumia pipa zima mkaguzi wa mazingira atakuja na polisi. Nimewahi kupewa njia nzuri sana ya hatua sita ambayo moja wapo inatoa gesi kama puto. Kwenye chupa ya mililita 50 ni raha. Kwenye pipa la lita 2,000 ni mazishi.

#16 Bingwa wa Konvesheni

Mkuu nimerudi nyuma kama ulivyosema. Kutoka benzokaini nakata esta: napata aside yenye amino mkabala. Aside inatoka kwa methili ikioksidishwa. Amino inatoka kwa nitro. Kwa hiyo nyuma kabisa ni toluini yenye nitro mkabala, na methili ndiyo inayoituma nitro huko. Sasa kwenda mbele: toluini, nitro, halafu bati na HCl iwe amino, halafu pamanganeti, halafu esta. Sawa?

#17 Chupa Mviringo

Umefika mlangoni, umegonga kichwa kwenye kizingiti. Pamanganeti ukiipeleka kwenye amino tupu itaila, utapata uji wa kahawia. Una njia mbili.

Ya kwanza, badili zamu: oksidisha methili wakati nitro bado ni nitro, maana nitro haijali pamanganeti. Kisha ndipo bati na HCl. Kisha esta.

Ya pili, kama amino umeshaitengeneza, ivike kofia. Iunganishe na anhidridi ya asetiki iwe amaidi, pamanganeti ipite, kisha chemsha na aside uivue. Inafanya kazi, na maabara nyingi za mafunzo hufanya hivyo. Lakini kofia ni hatua mbili za ziada, moja ya kuvaa na moja ya kuvua, na zote zinakula mavuno. Mpango wenye kofia nyingi ni dalili kwamba zamu zimepangwa vibaya. Robinson mwaka 1917 alitengeneza tropinoni kwa kuchanganya vitu vitatu kwenye chupa moja, hakuna kofia hata moja, wakati Willstätter alipita njia ndefu na kufika na mavuno chini ya asilimia 1.

#18 Bingwa wa Konvesheni

Sawa! Toluini, nitro, pamanganeti, bati na HCl, ethanoli. Nimeandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Hapo nimemaliza?

#19 Chupa Mviringo

Kwa mtihani, ndiyo, chukua maksi zote. Kwa maabara, bado kimoja. Ukiweka nitro kwenye toluini, kama asilimia 60 inaenda otho, jirani kabisa na methili, na ya mkabala unapata kama 37 tu.

#20 Bingwa wa Konvesheni

Yaani zaidi ya nusu ya chupa ni ya kumwaga hatua ya kwanza tu??

#21 Chupa Mviringo

Na kuitenganisha ni siku nzima. Sasa nakuuliza wewe: nani amekulazimisha uanzie toluini?

#22 Bingwa wa Konvesheni

Swali.

#23 Chupa Mviringo

Na kama swali halikulazimishi?

#24 Bingwa wa Konvesheni

…nanunua nitrotoluini ya para (ile ya mkabala) ikiwa tayari imetenganishwa?

#25 Shamba la Usa

Mtoto kaelewa kuliko mnunuzi wangu. Mwulizeni bei gani kilo, mimi nina stoo tupu.